Mhimili Chini ya Kitanda cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe kapiga simu kwa mke wangu, si kwangu. Mlango wa chumba cha Mzee haufungi. "Mwambie mumeo aje na randa, aupunguze kidogo."

Randa! Mimi, niliyemwaga zege la madaraja, niliyepaka rangi tumbo la meli nikining'inia kama popo, niliyejifunza kutukana kwa lugha tatu kwenye miradi ya barabara — naitwa kukwangua mlango. Nikaenda. Ukweni mtu haendi amenuna.

Mlango hauna kosa. Fremu ndiyo imelala upande. Nikaweka pima maji sakafuni, kipovu kikakimbilia pembeni kama kimeona polisi. Nikaweka kwingine. Vilevile. Baba mkwe yuko kitandani ananiangalia. Tangu apate kiharusi mguu na mkono wa kushoto havimsikilizi, lakini macho yanamsikiliza sana. Akasema kijiko chake kikianguka hukimbilia katikati ya chumba. Alisema kwa upole, kama anasimulia utundu wa mjukuu.

Tangu lini, Baba?

Tangu siku nyingi.

Nikashuka ukumbi wa chini. Siku hizi haukai mtu, umejaa viti vibovu. Dari la mbao nyembamba, rangi nyeupe, na katikati kigogo kifupi kinaning'inia, kimefungwa taa. Nimekula chini ya taa hiyo miaka na miaka ukweni na kuisifu. Pambo zuri, nilikuwa nasema.

Leo nimepanda ngazi nikakitazama kile kigogo kwa chini. Kimekatwa kwa msumeno. Si pambo. Ni kichwa cha nguzo. Nguzo yenyewe haipo.

Nikashuka taratibu kama mtu anayeshuka kwenye mti wenye nyuki.


Jumanne, 4 Juni

Nimekuja na seremala mwenzangu. Tunamwita Bubu kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu nimjue. Anaongea akipiga randa, anaongea akila, mke wake anasema anaongea akikoroma. Tukabandua dari, ubao mmoja mmoja, yeye ananisimulia ugomvi wa jirani zake.

Kisha akanyamaza.

Nikageuka nikidhani kajikata. Hapana. Alikuwa anatazama juu.

Mti mmoja. Mzima! Kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, mnene kuliko kiuno changu — na kiuno changu mnakijua, nyie kurasa. Haujapigwa randa, umechongwa kwa shoka, alama za shoka zimejipanga kama magamba ya samaki. Hakuna msumari hata mmoja. Juu yake yamelala maboriti madogo, na juu ya maboriti mbao za sakafu, na juu ya mbao kitanda cha Mzee, kabati la mama mkwe, pipa la maji, na Mzee mwenyewe. Vyote vimeukalia huu mti. Nyumba nzima imekaa begani kwa mtu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Nimeona mambo duniani. Nimeona winchi inayonyanyua lori kama paka anavyobeba mtoto wake. Lakini hiki cha leo ndicho kimenifanya nivue kofia. Kweli nilivua! Bubu naye akavua yake.

Nikaugonga kwa nyundo. Ulilia kama kengele. Nikagonga kuelekea katikati — kengele, kengele, kengele — halafu, pale karibu na kile kigogo, sauti ikafa. Ufa. Mrefu, unaingia mkono. Mti umeinama katikati, kama mtu mzima aliyechoka lakini hataki kukaa mbele ya wageni.

Bubu akaniambia kwa kunong'ona: tumtoe mzee wa watu humo ndani.


Jumatano, 5 Juni

Shemeji, kaka wa mke wangu, amekuja kutoka ofisini. Viatu vyenye ncha, vinaingia mlangoni kabla yake. Akatazama juu, akatazama kigogo, akatazama saa.

Mimi nikaanza kwa mbwembwe zangu. Nikamwambia wiki moja tu, Shem, nakurudishia nyumba imara kuliko benki. Yeye akasema kazini kwao kuna injinia, amemweleza kwa simu, injinia amesema nyumba ya namna hiyo ni ya kubomoa. Wazazi atawachukua yeye. Ana nafasi.

Nafasi yenyewe iko ghorofa ya nne, lifti ni ya picha tu.

Tukapanda wote kumwambia Mzee. Shemeji aliongea vizuri, kwa heshima zote, kama anasoma taarifa ya habari. Baba mkwe akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mkalimani wa mahakama maisha yake yote, yule, anajua kusikiliza. Halafu akasema polepole, maana siku hizi kila neno analivuta kama ndoo kutoka kisimani: mkinitoa humu kwenda kuishi kwingine, mtakuwa mmenitoa mara mbili, nyumbani na duniani.

Mama mkwe akageukia dirishani akawa anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Shemeji akaniambia tukiwa kwenye ngazi: una mpaka mwisho wa wiki ijayo. Ukishindwa, au nikiona dalili yoyote, wazee wanahama na nyumba inaanguka. Sawa? Sawa. Nilisema sawa kwa sauti nene sana. Nilipofika nje nikamwuliza Bubu kama nilisikika mtu mwenye akili. Akasema ulisikika tu.

Nyumbani nikamwuliza mke wangu nani aliikata ile nguzo. Alikuwa anachambua mboga. Akasema kaka yake. Zamani, alipokuwa kijana, alifungua biashara ya biliadi pale chini. Kila mteja akivuta fimbo nyuma, fimbo inagonga nguzo. Wakawa wanamcheka. Siku moja akaazima msumeno.

Nguzo ikakatwa kwa sababu ya fimbo za biliadi! Kipande cha juu kikabaki kwa kuwa msumeno haukufika, akakitundikia taa. Na mimi hapa, fundi niliyezunguka dunia, nikala chini yake nikisifu pambo.

Sina wa kumcheka. Nimecheka hata hivyo, mpaka mke wangu akanirushia kitunguu.


Ijumaa, 7 Juni

Tumeweka jeki chini ya mti, kushoto na kulia kwa ufa, juu ya mbao nene. Sasa nyumba ikianguka itaanguka na sisi. Naandika hivi kwa utani.

Lakini la leo ni lingine. Nilipanda kumweleza baba mkwe kazi itakavyokuwa. Nikawa namwambia bimu imepasuka, bimu itanyanyuliwa, bimu itafungwa vyuma ubavuni. Bimu, bimu. Akanyanyua kidole cha mkono mzima.

Hiyo ina jina lake, mwanangu. Mhimili.

Nikamwambia Baba, hilo nalisikia redioni, mihimili mitatu ya dola. Nikajua ni cheo cha wakubwa! Akacheka upande mmoja wa mdomo, upande unaocheka siku hizi. Akasema hata wale wameazima kwetu sisi wenye nyumba.

Akanifundisha. Mimi shule niliachana nayo mapema, tulipishana tabia. Lakini huyu alinifundisha kama anamtafsiria hakimu, neno moja, anapumzika, neno jingine. Akasema nguzo ni neno la kwetu tangu mababu. Nguzo kazi yake kusimama. Mhimili limetoka Kiarabu. Wao wana kitendo chao, hamala, maana yake kubeba. Wafanyabiashara na mabaharia wakaja nalo, watu wetu wakalipokea, wakalilea, likazaa. Likazaa kuhimili. Likazaa kustahimili — kubeba kisichobebeka na kunyamaza. Likazaa himila, ndiyo mzigo, na watu wa zamani waliita hivyo hata mimba. Likazaa mhimili, kile kinachobeba wengine.

Akapumzika. Nikampa maji.

Na likazaa hamali, akasema.

Nikaweka kikombe chini.

Baba yangu mzazi alikuwa hamali. Sijawahi kuficha, nasema popote kifua mbele: baba yangu alibeba magunia ghalani mpaka shingo ikawa pana kuliko kichwa! Akirudi nyumbani alikuwa analala chali sakafuni, sisi watoto tunamkanyaga mgongo, mmoja baada ya mwingine, anasema ongeza mwingine. Alitufundisha kubeba. Usibebe kwa nyama, alikuwa akisema, beba kwa mifupa. Simama wima, uache mzigo ushuke wenyewe mpaka kisiginoni. Nilidhani ni maneno ya mtu asiyesoma.

Kumbe yeye na ule mti ni ndugu. Tumbo moja! Miaka yote hii niko kwenye ujenzi, naweka mihimili, na jina la baba yangu liko ndani yake, na hakuna aliyeniambia.

Baba mkwe alikuwa ananitazama. Akasema, hamali ni mhimili unaotembea. Na akaongeza kwamba hata dunia hii, wanajiografia wanasema, inazunguka kwenye mhimili wake. Nikamwuliza huo kaufunga nani, na kwa nati za namba ngapi? Akasema hauonekani.

Nimerudi nyumbani nimenyamaza. Mke wangu akanigusa paji la uso kama nina homa.


Jumamosi, 8 Juni

Mhimili. Nimelisema leo mara nyingi mpaka Bubu ameniomba nipumzike.

Kazi imeanza rasmi. Na hapa ndipo kiburi changu kilipopigwa breki. Nyumba iliyoinama muda mrefu imezoea kuinama. Kuta zimezoea, madirisha yamezoea. Ukiinyanyua kwa haraka unaivunja. Inabidi uiguse kidogo tu asubuhi, jeki inalia tik, uiache. Jioni tik nyingine. Uiache. Kama kumwamsha mgonjwa.

Wiki moja, nilisema. Mdomo huu!

Juu, kwenye ukuta wa chumba cha Mzee, kuna ufa unaoshuka kutoka dirishani. Nimebandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kimeshikwa na plasta huku na huku. Kazi ya zamani hiyo, nilifundishwa na fundi mmoja mlevi aliyekuwa na mikono ya malaika. Nyumba ikitikisika kuliko inavyotakiwa, kioo kinakatika. Lazima mtu akiangalie tunapozungusha jeki. Sisi tuko chini. Nani atakaa juu?

Mimi niko hapa siku zote, akasema baba mkwe.

Nikamwambia mama mkwe amhamishie angalau kitanda karibu na ukuta wa nje, pale sakafu inalala kwenye ukuta na si kwenye ule mti. Tukamsogeza. Akawa anakitazama kile kioo kama jaji. Nikizungusha chini napaza sauti, "Baba, hali?" Naye kutoka juu, neno moja, kwa shida lakini kwa nguvu: "Kizima!"

Mama mkwe kaniambia pembeni, hajamsikia akipaza sauti hivyo tangu augue. Amenyoa ndevu. Ameomba shati lenye kola.


Jumatatu, 10 Juni

Tik asubuhi. Kizima. Tik jioni. Kizima.

Tumechimba shimo la msingi wa nguzo mpya palipokuwa na ile ya zamani. Chini kabisa tukakuta jiwe, bapa, lina kidimbwi katikati — kisigino cha nguzo ya kwanza kilivyolichimba kwa kusimama tu. Kusimama! Bila kupiga hatua. Bubu akaingiza ngumi mle, ikaenea. Tumeliacha palepale, tukamwaga zege juu yake. Wataalamu watasema mimi ni mshamba. Waseme.


Jumatano, 12 Juni

Shemeji alipita. Alisimama chini ya kile kigogo chake, mikono mfukoni. Mti umepanda, ufa umeanza kufumba mdomo. Nikamwonyesha. Nikamsubiri aseme kitu.

Akauliza, Shem, hivi kile kipande mtakitoa?

Nikamwambia kinatoka, nguzo mpya inakaa pale.

Akasema walikata wapangaji, unajua. Watu hovyo sana.

Bubu alifungua kinywa, na Mungu ni shahidi, nilimkanyaga kidole. Nikamjibu, wapangaji hawana adabu kabisa, Shem. Akanitazama. Nadhani alijua kwamba najua. Aliondoka bila kutazama saa.

Mlango wa Mzee umeanza kufunga. Mama mkwe ameufunga na kuufungua, ameufunga na kuufungua, kama mtoto aliyepata redio.


Alhamisi, 13 Juni

Leo nimezeeka.

Ilikuwa tik ya asubuhi. Sijaikosea, naapa, ni ileile ya kila siku. Jeki ikalia, na juu yake mti ukatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia — si mlio, ni kama mtu kakohoa ndani ya jeneza. Vumbi likamwagika. Na kutoka juu, kabla sijauliza:

"Kimekatika!"

Bubu akabaki ameshika jeki, hata hakukimbia, huyo ndiye rafiki. Nilipanda ngazi sijui kwa miguu gani. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya chumba ameshika taulo. Nikamwambia Mama shuka, sasa hivi, pitia ukutani. Akashuka. Wala hakubishana, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Mzee kitandani. Kiti chake cha magurudumu hakipiti kwenye ngazi zile. Machela hatuna. Akasema, nenda, mwanangu, nitangoja.

Atangoja nini?

Mimi na baba mkwe hatujawahi hata kukumbatiana. Tunapeana mkono, mimi nimeinama, basi. Mtu unamwita Baba lakini unakaa mbali naye kidogo, hivyo ndivyo heshima ilivyo. Sasa nifanyeje? Nikapiga goti nikampa mgongo. Nikamwambia Baba, samahani. Nikauvuta mkono wake mzima shingoni mwangu, mguu wake mgonjwa nikaukamata, nikasimama.

Nilisimama kwa nyama. Nikayumba. Ngazi zikanizunguka. Halafu sijui — mgongo ulikumbuka wenyewe. Nikanyooka, nikauacha uzito wake ushuke, kiunoni, magotini, kisiginoni. Ukashuka! Ukapita ndani yangu ukaenda zake chini. Mtu mzima yule akawa si mzito. Nilikuwa njia tu.

Katikati ya ngazi akaanza kunisemesha sikioni. Alisema: mimi niliusikia ule msumeno.

Nikamwambia Baba, usiongee.

Akasema: siku ile nilikuwa mzima, nimekaa juu hapo nasoma gazeti. Nikajua anakata nini. Ningeweza kushuka nikamzuia. Lakini walikuwa wanamcheka, na kilikuwa kitu chake cha kwanza. Nikasema moyoni, nyumba itahimili. Akavuta pumzi. Usimwambie kwamba najua.

Miaka yote! Anaona kijiko kinakimbilia katikati ya chumba, anaokota, ananyamaza.

Tukafika nje. Nikamkalisha kwenye kiti kivulini mwa ukuta wa jirani, mama mkwe akamfunika miguu. Shati limetoka kola upande. Akaomba airekebishe mwenyewe.


Ijumaa, 14 Juni

Nyumba imesimama. Tumeikagua kila pembe. Kikohozi cha jana kilikuwa ni kabari ya zamani, kipande cha mbao mtu alichopachika kati ya mti na ukuta, imechomoka mti ulipopanda. Mti ukashtuka, ukuta ukashtuka, kioo kikakatika. Basi. Mti wenyewe mzima.

Lakini shemeji amefika, ameona wazazi wake wamekaa uani kwa jirani kama waliopata mafuriko. Alinifokea mbele ya watu. Kwamba nimetaka kumuua baba yake kwa sifa zangu. Kwamba gari la kubeba vitu linakuja Jumanne. Nilikuwa na jibu, tena tamu, linakaa hapa kwenye ncha ya ulimi, neno moja tu la meno ya msumeno. Nikamtazama Mzee. Mzee alikuwa anatazama mikono yake.

Nikalimeza. Limepita kama mfupa wa samaki.

Nikamwomba mpaka hiyo hiyo Jumanne. Nguzo ikae mahali pake, jeki zishuke, aone kwa macho yake. Mti ukikubali, wazee wanarudi juu. Ukikataa, nitabomoa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na vyombo nitabeba mimi.

Wazee wamelala kwangu. Mke wangu amempa baba yake kitanda chetu. Mimi nimepewa mkeka na lawama.


Jumapili, 16 Juni

Vyuma viwili vimeupakata mti ubavuni, bolti zimepita, nati zimekazwa mpaka Bubu akatokwa na machozi. Nguzo mpya ni bomba nene la chuma, tumelisimamisha kwa timazi. Wima kabisa. Kati ya kichwa chake na mti kuna upenyo wa unene wa kucha.

Kigogo cha shemeji nimekitoa. Nilitaka kukitupa. Nimekiweka kwenye begi la zana, sijui kwa nini.

Baba mkwe asubuhi ameniuliza kwa upole yule — akaelekeza kidole upande wa nyumba — ameamkaje. Nikamwambia amekuulizia. Akacheka nusu yake. Kisha akasema usiku hakulala vizuri, chumba chetu hiki kimya mno. Chumba chake kile hulia kidogo jioni mbao zinapopoa, naye huijua kila sauti. Nikajikuta namwahidi kwamba atarudi. Mimi na mdomo wangu.


Jumanne, 18 Juni

Naandika nikiwa ndani ya ukumbi, nimekaa juu ya ndoo. Nje gari la kubeba vitu limeshafika, dereva anasikiliza redio. Shemeji anatembea huku na huku. Mzee yuko kwenye kiti chake upande wa pili wa njia, amevaa shati la kola, amesema anataka kuona.

Nimemfukuza kila mtu. Bubu nimemfukuza kwa matusi ya lugha ya tatu ndipo akaenda.

Jeki ya kushoto nimeilegeza asubuhi. Mti ulishuka kidogo ukakikuta kichwa cha nguzo. Kiliitika, dum, chini kwa chini, nikaisikia kwenye nyayo. Nimengoja. Hakuna vumbi. Jeki ya kulia nimeilegeza nusu. Hapo ndipo nilipo. Ukilegeza nusu unangoja, unaacha vitu vijuane. Uzito wa juu unatafuta njia mpya: unaacha jeki, unaujaribu mti, unashuka kwenye nguzo, unafika kwenye lile jiwe. Naukodolea macho na hauonekani. Naona chuma na mbao. Lakini upo unapita hapa, mbele ya pua yangu, kama mto.

Nimemaliza sifa zangu zote. Sijui kama utashika. Nimesema wiki nzima utashika, nimemwambia dereva wa gari asizime injini maana atarudi mtupu, na sijui.

Imebaki robo mzunguko.

Subiri. Kuna —

Hatua. Juu.

Kuna mtu anatembea juu! Nani? Ngazi ya nje, nimesahau ngazi ya nje. Ni mama mkwe. Nazijua hatua zake, huburuza kandambili ya kulia. Nimepaza sauti: Mama! Shuka Mama, bado!

Anajibu nini? Anasema nimalize kazi yangu, yeye anatandika kitanda cha mume wake.

Nalisikia shuka linapigwa hewani. Shemeji kaona dirishani, anamwita mamake kwa jina alilomwita utotoni, sauti imempasuka kama ya kijana, anakimbilia ngazi. Naye amepanda! Viatu vile, koh koh koh, juu ya kichwa changu. Sasa wako wawili. Simsikii akifoka. Nasikia kitanda kinaburutwa, wanakirudisha katikati ya chumba, mahali pake pa zamani. Katikati hasa!

Mti unalia kidogo. Sijui kama ni kulia kwa kuchoka au kwa kupokea.

Nimesimama. Mkono wa kushoto nimeuinua, nimeugandamiza chini ya mhimili, kiganja wazi, kama mjinga, kana kwamba mimi ndiye nitaishikilia hii nyumba ikija kuanguka. Wa kulia unaandika, daftari limeegemea bomba. Kiganjani nausikia unatetemeka. Unatetemeka kwa hatua zao. Mama anakwenda dirishani. Mwanawe anamfuata.

Nje Mzee anauliza kwa sauti, "Hali?"

Lazima niweke kalamu, jeki inataka mikono yangu yote